Bi Mdogo wa Jumatano Usiku

"Usimwambie Wandi kitu. Nataka nimwone kwanza kwa macho yangu."

Maneno hayo ndiyo yaliyotukatia utamu wiki iliyopita. Sauti ya kike, laini, ya Kibangkok, ilitoka ndani ya simu ya Thanit. Balaa ni kwamba aliyeishika simu hiyo hakuwa Thanit. Alikuwa Wandi mwenyewe.

Alikata, akairudisha simu pale pale mwenyewe alipoisahau, kando ya beseni la asumini, kisha akashika sindano yake ndefu akaendelea kutunga makoja. Alijidunga kidole, akanyonya damu, akatunga tena.

Kama ndiyo kwanza unatufuata, nikudokeze. Wandi anauza makoja ya maua kando ya mto Ping, hapa Chiang Mai, yeye na shangazi yake Kham, aliyemlea tangu mama yake alipofariki. Thanit ni sonara wa mtaa wa Wua Lai. Arusi yao ni mwezi ujao, na shingoni mwa Wandi umo mkufu wa dhahabu aliovishwa siku ya uchumba. Mkufu huo ulikuwa wa bibi yake Thanit.

Tena siku hiyo mama mkwe alikuwa ameshatuma salamu. Jioni, kwenye hekalu la mtaani kwao, sanamu mpya ya Buddha itamiminwa na mtaa mzima utakuwapo. Mkwe aje na mkufu wake shingoni, watu wauone.

Basi Thanit akarudi anatafuta simu. Aliikuta, akaitazama, akaitia mfukoni haraka kuliko mtu asiye na neno. Akasema ana mgeni leo, mteja wa dukani kutoka Bangkok, ameomba atembezwe mjini siku moja tu, ale, anunue vitu, aone mahekalu.

Wandi akatabasamu. Msichana wa kaskazini akikutabasamia namna ile, tafuta pa kukimbilia.

"Na mimi nakuja, Kaka," alisema. "Leo maua yatajiuza yenyewe."

Thanit alimeza mate. Kisha akafurahi, akasema kumbe ndivyo alivyotaka tangu mwanzo. Alifurahi kupita kiasi, na furaha hiyo nayo ikamchoma Wandi.

Mgeni akashuka kwenye bajaji kabla hata hawajamaliza kupanga njia. Jina lake Chomphu. Alikuwa na blauzi nyeupe isiyo na mkunjo, kofia pana, na miwani myeusi iliyomeza nusu ya uso. Akaunganisha viganja kifuani, akainamisha kichwa kwa Wandi chini kabisa, chini kuliko desturi kati ya watu wa rika moja.

Hapo likatokea jambo la kwanza la ajabu. Shangazi Kham alikuwa amebeba beseni zima la asumini. Alipomwona mgeni, beseni likamtoka mikononi na maua yakatapakaa njiani. Chomphu akapiga magoti na blauzi yake nyeupe, akayaokota pamoja naye. Shangazi akamvisha koja mkononi, bila bei, kisha akaenda nyuma ya meza kufuta macho. Alisema ni moshi. Moshi haukuwapo.

Wandi akajiambia: hata shangazi yangu amelewa marashi ya Bangkok.

La pili lilikuwa dogo, lakini ndilo lililoharibu siku nzima. Huku kwetu, watu wawili wa rika moja wakikutana, swali la kwanza ni mwaka wa kuzaliwa. Lazima ijulikane nani ni dada na nani ni mdogo, la sivyo hata sentensi haikai sawa mdomoni. Chomphu hakuuliza.

"Dada Wandi," alisema, "nimefurahi sana kukuona."

"Umejuaje kama mimi ndiye mkubwa?"

"Najua tu, dada. Niite mdogo wako."

Msomaji, mji huu una mwanamke wa aina moja tu anayemwita mwenzake dada bila kuuliza umri. Ni bi mdogo. Akija kujitambulisha kwa bi mkubwa, huja na adabu zote, huinama, humwita dada, ili apate kula naye sahani moja. Wandi alilijua hilo kama alivyojua kutunga maua. Alihisi mkufu umembana shingo.

Wakaenda kula.

Kibanda cha tambi kilikuwa kimejaa, lakini Thanit anafahamika, wakapata viti. Khao soi ikaagizwa, zile tambi za mchuzi wa nazi na kuku, juu yake tambi nyingine zimekaangwa zikakauka. Thanit akamwambia mama mpishi, "Mabakuli matatu. Mawili bila vitunguu."

Wandi hali vitunguu vibichi, tangu utotoni. Kwa hiyo bakuli moja ni lake. La pili je?

La pili likawekwa mbele ya Chomphu.

"Kumbe unajua asichokula," Wandi alisema.

Thanit akasema alikisia. Masikio yake yalikuwa mekundu, na mtu hawezi kukisia vitunguu.

Chomphu akakamua ndimu kabla ya kuonja. Akatoa tambi zote kavu akazipanga ukingoni, azile mwisho. Akasogeza achari upande wa kushoto. Wandi alitazama mikono ile kisha akatazama mikono yake mwenyewe, na ilikuwa ikifanya yale yale. Alipoacha kukamua ndimu, ndimu ya mwenzake ilikuwa bado inakamuliwa.

Sasa ananiiga, aliwaza. Amenisoma kwa huyu mwanamume, kipande kwa kipande. Anataka nikiondoka nyumba isijue kama nimeondoka.

Hakumaliza bakuli. Mama mpishi aliudhika, akauliza kama chakula chake kina kasoro. Wandi akamwambia chakula ni kizuri, kasoro iko kwenye kiti cha jirani. Chomphu alicheka, akidhani ni utani.

Kutoka hapo wakaingia Warorot, sokoni. Thanit alibeba mkoba wa mgeni. Tangu wachumbiane, Wandi amebeba mabeseni ya maua yenye maji, na Thanit alimwambia mara nyingi kwamba ana mgongo imara. Leo mgongo imara ulitembea nyuma, ukihesabu dhambi.

Kwenye duka la vitambaa vya kujifunga kiunoni, vile vyenye pindo la kufumwa, Chomphu alikipapasa cha kijani kwa hamu. Akakiweka chini, akakisukuma kwa Wandi.

"Kijani ni chako, dada. Mimi nitachukua cheusi."

Wandi amezaliwa Jumatano, na huku kwetu kila siku ya wiki ina rangi yake; kijani ndiyo rangi ya Jumatano. Lakini nani alimwambia huyu? Alimgeukia Thanit, naye Thanit alikuwa anashughulika sana kutazama feni ya dukani.

Muuzaji, mama mnene mwenye maneno, akamfunga Chomphu kile cheusi kiunoni, akarudi nyuma hatua kumtazama, akamwambia Thanit, "Mkeo kimempendeza. Na dada mtu naye achague basi, asije akanuna njia nzima."

Thanit akacheka. Chomphu akacheka, akamshika Wandi mkono. Hakuna aliyesema, mama, umekosea. Wandi alisikia neno moja tu katika yale yote, nalo lilikuwa "mkeo". Lile jingine lilimpita kando ya sikio likaenda zake. Wivu ni kidonda, wanasema, na mwenye kidonda husikia pale panapouma tu.

Akautoa mkono wake.

"Mimi sichagui," alisema. "Vyangu huwa vinachaguliwa na wengine."

Huko nje walinunua vitumbua vya nazi, vile vidogo vya kikaangio cha mashimo. Thanit alimpa mgeni wa kwanza, kwa sababu mgeni ni mgeni. Wandi akachukua chake kikiwa moto wa kutoka, akakitia mdomoni kizima, ulimi ukababuka. Hakulia. Alisimama pale macho yamejaa maji akasema ni vitamu sana, na Chomphu akampa chupa yake ya maji bila kuombwa. Aliinywa kwa chuki yote aliyokuwa nayo.

Mchana mzima ulikwenda hivyo. Walipita mitaa ya ukuta wa zamani, wakapiga picha kwenye lango la Tha Phae, njiwa wakiruka. Aliyepiga picha ni Wandi. Ndiye aliyeambiwa arudi nyuma kidogo ili lango liingie lote, na alirudi nyuma mpaka wale wawili wakawa wadogo kabisa kwenye kioo cha simu. Chomphu aliomba wapige na wao wawili tu, yeye na dada. Wandi alisema jua linamuumiza.

Chomphu akasema, "Kaka Thanit, mwambie basi."

Kaka. Huku kwetu binti humwita mchumba wake kaka, na kaka wa mtu mwingine naye huitwa kaka, ndiyo maana wivu hapa haukosi kazi. Wandi alimwangalia Thanit. Thanit alitikisa kichwa kumkatalia mgeni, polepole, kama mtu anayesema bado.

Bado nini?

Saa za jioni wakafika hekaluni Wua Lai. Uani kulikuwa kumewashwa tanuru, mafundi wamefunga vitambaa kichwani, uzi mweupe wa baraka umezungushwa juu ya vichwa vya watu wote kutoka nguzo hadi nguzo. Watawa walikuwa wameketi tayari kuomba. Bibi mmoja alizunguka na sinia la fedha. Watu walivua hereni, pete, vipande vya mikufu iliyokatika, wakaweka kwenye sinia, vyote vikaenda kwenye chungu cha kuyeyushia. Dhahabu yako ikiingia mwilini mwa sanamu, thawabu yake hukufuata hadi maisha yajayo.

Kabla ya hapo, kila mtu huenda kwanza kumwagia maji sanamu ya siku yake. Zimepangwa ukumbini, moja kwa kila siku ya wiki, ila Jumatano ina mbili. Ukizaliwa Jumatano jua likiwapo, yako ni ile iliyosimama na bakuli mikononi. Ukizaliwa jua likishazama, yako ni ile iliyokaa msituni, na tembo na nyani wameketi miguuni pake wakiiletea zawadi. Na msomaji, usije ukaleta hesabu zako za nyumbani za usiku kutangulia mchana. Huku Jumatano usiku ni baada ya jua la Jumatano kuzama.

Thanit ni wa Jumamosi. Tangu Wandi amjue, hajawahi kumwona akimwagia maji siku nyingine isipokuwa yake, na siku ya Wandi ikiwa naye.

Leo alimwagia Jumamosi. Akaja kwenye Jumatano ya bakuli, akamwaga. Wandi akalainika kidogo. Kisha Thanit akapiga hatua moja pembeni, akainama mbele ya tembo na nyani, akamwaga maji yaliyobaki, yote, taratibu, na midomo yake ikawa inaomba.

Pale pale Chomphu alikuwa amepiga magoti. Alikuwa analia nyuma ya miwani, na koja la Shangazi Kham alikuwa ameliweka miguuni pa tembo.

Kwa hiyo huyu ni wa Jumatano usiku. Kwa hiyo Thanit anamwombea mchumba, halafu anamwombea huyu, wamepangwa sanamu kwa sanamu kama wake wa nyumba moja. Bi mkubwa wa mchana, bi mdogo wa usiku. Wandi alitamani kucheka kwa jinsi ilivyokaa vizuri.

Hakuuliza. Angeuliza neno moja tu pale, hadithi yetu ingeishia arusini na ningekuwa nimeanza nyingine. Lakini hakuuliza.

Mafundi wakamwita Thanit. Mmoja wao alikuwa ameumia kiwiko, na kazi ya koleo inataka mikono miwili ya mtu anayejua chuma na moto. Thanit akavua saa, akafunga kitambaa kichwani, akamwambia Wandi asiende mbali, akirudi ana jambo la kumwambia.

"Najua," Wandi alisema.

"Hujui," alijibu Thanit, akicheka, akakimbilia tanuruni.

Kicheko hicho ndicho kilichommaliza. Bibi mwenye sinia alikuwa anapita. Wandi akapeleka mikono nyuma ya shingo, akafungua kifungo kwa kucha, akauweka mkufu juu ya hereni za watu. Bibi akashtuka kwa uzito wake. Akamuuliza kama ana uhakika, binti, maana kilichotolewa hekaluni hakirudi, na anayekirudisha huzaliwa tena akiwa pepo mwenye mdomo wa tundu la sindano.

"Nina uhakika, bibi."

"Nikuombee nini?"

"Nisikutane naye tena maisha yajayo."

Bibi akamwombea hivyo hivyo. Sinia likaenda, likainamishwa juu ya chungu chekundu, na mkufu wa bibi yake Thanit ukashuka pamoja na vya wengine. Wandi aliona unakunjika. Hakuona zaidi.

Shingo ilikuwa nyepesi, na wepesi huo ulimpa ujasiri. Akarudi ukumbini alipokuwa Chomphu, akasimama juu yake.

"Bi mdogo," alimwita. "Mchukue. Nimekuachia."

Chomphu akainua uso. "Nani bi mdogo?"

"Wewe. Umeniita dada tangu asubuhi bila kuniuliza umri. Mimi si mtoto."

"Sikuuliza kwa sababu naujua, dada. Ni wangu."

"Wako vipi?"

Chomphu akavua kofia. Akavua miwani. Wandi akarudi nyuma akagonga nguzo.

Ukutani nyumbani kwa Shangazi Kham kuna picha. Kila asubuhi kabla ya kwenda sokoni Wandi huichomea ubani picha hiyo, ya mwanamke kijana ambaye macho yake hayajashuka sawa, la kushoto liko chini kidogo kama linataka kusinzia. Ni mama yake. Macho hayo ndiyo yaliyokuwa yakimtazama sasa, mekundu kwa kulia, usoni mwa mgeni kutoka Bangkok.

"Tumezaliwa Jumatano moja, tumbo moja," Chomphu alisema. "Wewe ulitoka jua likiwapo. Mimi nilikawia, wakawasha taa ndipo nikatoka. Ndiyo maana wewe ni dada na siku zetu si moja."

Yaliyobaki aliyasema haraka, kama mtu aliyekuwa akiyakariri safarini. Baba alikuwa ameshakufa, mama hakuwa na maziwa ya wawili, na mtoto wa Jumatano usiku, walisema wazee, huja na kivuli. Shangazi Kham ndiye aliyembeba mpaka stesheni ya treni, akamkabidhi kwa mke na mume waliokosa mtoto. Mama huyo wa Bangkok alipokuwa anakata roho mwaka huu ndipo alipomwambia: una dada, anatunga maua kando ya mto.

Alikuja mwezi uliopita, akasimama mbele ya meza ya maua. Wandi na shangazi hawakuwapo. Thanit alikuwapo, akamkaribisha tambi, na alipomwona anasogeza vitunguu pembeni ya bakuli alijua kabla ya kuambiwa. Chomphu ndiye aliyemwapisha anyamaze. Alitaka ale na dada yake siku moja tu, atembee naye, amwone anavyocheka, kabla ya kujulikana. Akionekana hatakiwi, angepanda treni akarudi kimya kimya.

"Na kutwa nzima," alisema Chomphu, "hukucheka hata mara moja. Nimeshakata shauri la kuondoka."

Wasomaji wangu wengine najua mlishalinusa hili tangu kwenye ndimu. Mmekaa hapo mnamtukana Wandi. Mtukaneni polepole, kwa sababu alikuwa ameshaanza kujitukana mwenyewe.

Alianguka magotini. Alimshika Chomphu mashavu kwa mikono yote miwili, akauvuta uso ule karibu na wake, akaulilia. Alisema mdogo wangu. Alisema tena. Neno lile lililomtafuna tangu asubuhi sasa halikutaka kumtoka mdomoni.

Kisha upatu wa hekalu ukapigwa.

Wandi aligeuka. Uani, Thanit alikuwa ameshika koleo pamoja na wenzake, wamekiinua chungu kutoka motoni. Watawa waliomba kwa sauti moja. Wandi alifumbua mdomo, akaufunga. Aite nini? Dhahabu alikuwa ameshaitoa kwa kinywa chake, na ilikuwa uji. Thanit akainamisha, kwa uangalifu wa sonara, bila kumwaga hata tone nje ya kalibu ya sanamu. Alimimina dhahabu ya bibi yake kwa mikono yake mwenyewe, huku amefurahi. Watu wakainua viganja juu, wakaitikia "Sathu," yaani ni njema.

"Dada," Chomphu alinong'ona. Alikuwa anamtazama shingoni. Asubuhi alikuwa ameusifu mkufu ule. "Dada, umeuweka wapi?"

Wandi alitazama kalibu. Hakuhitaji kusema zaidi. Chomphu alifuata macho yake mpaka kwenye moshi, akaelewa, akaziba mdomo.

Thanit akaja anafuta jasho kwa kitambaa. Aliwaona wamekumbatiana, wamelowa machozi wote wawili, akacheka kicheko kile kile cha mwanzo, na safari hii Wandi alikisikia kilivyokuwa.

"Mmeshaambiana," alisema. "Nimebeba siri hii mwezi mzima, nimekonda. Wandi, sema kitu."

Lakini nyuma ya Thanit alikuwa anakuja mama mkwe. Bi Saengdao ni mwanamke mfupi anayetembea kama mwenye mtaa. Alikuwa amewaongoza majirani zake, wake wa masonara, wanawake ambao huujua uzito wa dhahabu kwa kuitazama tu.

"Mkwe wangu yuko wapi?" alisema. "Njoo hapa, mwanangu, uwaonyeshe mkufu wa marehemu mama mkwe wangu. Hawa hawaniamini."

Thanit akamshika Wandi bega kumgeuza. Mkono wake ukapita shingoni, ukasimama. Akapapasa tena, polepole, mahali ambapo kifungo kingekuwa.

"Wandi," alisema chini chini. "Mkufu?"

Majirani walikuwa wameshaona. Mmoja alimgusa mwenzake kiwiko. Kwa desturi yetu, binti anayeuvua mkufu wa uchumba kabla ya arusi amekwisha kusema analotaka kusema, na ni juu yake kuurudisha mkononi mwa mama wa bwana arusi, mzima, siku hiyo hiyo. Bi Saengdao aliacha kutabasamu.

Wandi alivuta pumzi. Alikuwa amekata shauri kusema kweli na kupoteza vyote. Akafumbua mdomo.

"Ninao mimi, shemeji."

Ilikuwa sauti ya Chomphu. Alikuwa amesimama, bila kofia, bila miwani, mkoba wake ameukumbatia kifuani.

"Nimeuchukua mimi," alisema, akimtazama Bi Saengdao usoni. "Dada hakujua. Niliutamani tangu asubuhi."

Wandi alimgeukia, akatikisa kichwa, na Chomphu akamkanyaga mguu asiseme. Kutwa nzima Wandi alikuwa amemwita mwizi moyoni mwake. Sasa mbele ya mama mkwe na mtaa mzima, kabla hawajatimiza saa moja ya udugu, mdogo wake alikuwa amekubali kuitwa hivyo kwa ajili yake.

Lakini mkoba ule, msomaji, mimi na wewe tunajua kilichomo. Kitambaa cheusi, chupa ya maji, na tiketi ya treni ya kurudi.

Bi Saengdao akapiga hatua mbele, akanyoosha kiganja.

"Fungua mkoba," alisema.